Matusi ya Mapacha

Dada yangu alisema uvimbe ulioota shingoni mwa mama umeletwa na mdomo wake. Aliyasema hayo nyumbani kwangu Jericho, hapa Nairobi, ameketi kwenye kiti changu, ameshika kikombe changu cha chai, na mama mwenyewe yuko uani anaanua nguo. Aliyasema kwa ule upole wa watu waliookoka, upole unaokufanya utazame huku na huku ukitafuta kitu cha kurusha.

"Mimi sisemi ni laana," akaniambia. "Nasema tu hiyo koo imeimba mambo mingi chafu. Tuombe."

Nilinyamaza. Hadi leo kunyamaza kule kunaniuma kuliko maneno yake, kwa sababu mimi si mtu wa kunyamaza. Ninashona nguo sokoni, na wateja wangu wanajua kwamba ukinicheleweshea kitambaa halafu uje kudai gauni Ijumaa, utasikia historia ya ukoo wako. Lakini siku ile nilimmiminia chai nyingine. Nilimwongezea hata sukari.

Inafaa niseme mapema kwamba huyu dada na mimi ni mapacha. Yeye alitangulia, mimi nikafuata, na tunafanana hivi kwamba mteja wangu mmoja alikutana naye mtaa wa Fedha, anakoishi na mumewe, akamgombeza njiani kwa sababu ya sketi niliyoikata fupi. Dada alimwomba msamaha. Mimi nisingeomba. Sketi ilikuwa sawa, mwenye sketi ndiye aliyeongezeka.

Huo wimbo aliouita mchafu ni wimbo wa mapacha. Kwetu magharibi, mapacha wakizaliwa watu hawaji na pongezi, wanakuja na matusi. Wanawake wa upande wa mzazi hujifunga majani ya kutambaa kiunoni, hugeuza nguo ndani nje, huandamana hadi kwa wakwe, na hapo langoni huanza kumtukana mama mkwe kwa wimbo. Hutajwa mambo yasiyotajwa: viungo vya mwili, habari za kitandani, uchoyo wa chumvi, miguu isiyooshwa. Mama mkwe naye hujibu, na ole wake akijibu kwa adabu. Wakimaliza hucheka, hula, na hakuna anayeruhusiwa kuweka kinyongo. Wazee walisema mapacha wasipotukaniwa macho yao huvimba, ngozi hubabuka, au mmoja wao hurudi alikotoka.

Sisi tulitukaniwa papa hapa Jericho. Mama husema bibi, mama yake mzazi, alifika kutoka nyumbani na wanawake wanne, wakazunguka safu yetu ya nyumba mchana kweupe, na majirani wa kutoka Murang'a wakafunga madirisha wakidhani ni vita. Mmoja wa majirani hao, mama aliyeuza viazi, alipoelezwa alicheka mpaka akaketi chini. Tangu hapo kila wanawake wa kwetu walipoimba, yeye alikuja na sufuria yake kupiga.

Mama aliurithi wimbo. Alikuwa na sauti nene yenye mkwaruzo kidogo, na alijua kulitupa tusi likaanguka pale pale alipotaka. Familia ya kwetu ikipata mapacha popote Eastlands, iwe Maringo, Umoja au Tena, mtu alitumwa kumwita. Alitafuta majani kando ya reli, akayakunja ndani ya mfuko wa plastiki, akaondoka. Jumapili alikuwa kanisani anaimba sauti ya pili katika kwaya na hakuona tatizo lolote. Alisema Mungu amesikia makubwa kuliko hayo.

Kisha dada akaokoka kule kwa mumewe, na siku moja akalia mbele ya mama mpaka mama akamwahidi kwamba hataimba tena. Ilikuwa miaka minane iliyopita. Mama ni mtu wa ahadi. Watu walikuja kumwita, akawaambia ana mafua. Alikuwa na mafua miaka minane.

Rovu, huo uvimbe wa shingoni, lilipoanza tulidhani ni unene. Lilipofika kiasi cha ngumi, tukaenda hospitali, wakapima, wakasema litakatwa, na wakatupa wiki tano. Daktari alieleza vizuri, hata alichora kwenye karatasi. Alisema mshipa wa sauti unapita hapo hapo nyuma ya uvimbe, na kwamba baada ya kukata sauti inaweza kurudi ilivyokuwa, au ikarudi kidogo, au isirudi. Mama aliuliza kama ataweza kumeza ugali. Aliambiwa ataweza, na kwake mazungumzo yakawa yameisha.

Kwangu hayakuisha. Nilirudi nyumbani nikiwa na kitu kimoja tu kichwani: ile sauti, na ule wimbo, ninao kwa wiki tano. Hakuna mtu mwingine anayeujua wote. Bibi alikufa, wale wanawake wanne wamekufa au wamerudi mashambani na kuokoka pia. Mimi najua kiitikio na vipande. Nilimwomba mama aimbe ninase kwa simu. Akakataa. Alinikumbusha kwamba kuna ahadi, kisha akaongeza kwamba hakuna watoto waliozaliwa, na wimbo huu hauimbwi ovyo ovyo kama tangazo la dawa ya kunguni.

Basi nikaamua kuuimba mwenyewe. Nilijiambia nitautengeneza kwa namna yangu, nipangilie sauti juu ya sauti, nipige ngoma mwenyewe, na mama akisikia ulivyotoka atapata hamu. Nilitafuta programu ya simu inayokubali kurekodi sauti moja, kisha nyingine juu yake, na nyingine tena. Nilijifunza kwa kutazama video za vijana wa mbali ambao vyumba vyao vimewekewa sifongo ukutani. Mimi nina vitambaa. Nilitandaza blanketi dirishani, nikatundika vipande vya vitenge na sare za shule kwenye kamba kuzunguka cherehani, nikaingia katikati yake na simu. Palikuwa na joto la kuivisha ndizi, lakini sauti ilitulia.

Tatizo lilikuwa mtaa. Nani amewahi kurekodi kitu Jericho? Kinyozi anacheza muziki kuanzia asubuhi. Fundi wa milango anakata vyuma. Kuna kanisa la mabati upande wa nyuma lenye spika mbili na waumini tisa, na mhubiri wake hajawahi kumwamini Mungu kiasi cha kuongea polepole. Nilipokwenda kumwomba apunguze, aliniambia shetani ndiye hukerwa na neno. Nilimjibu, na sitayaandika niliyomjibu. Mwishowe niligundua kwamba saa pekee ya kurekodi ni stima ikipotea, umeme ukikatika mtaa mzima. Ikipotea, kinyozi ananyamaza, chuma kinanyamaza, spika zinanyamaza, na unasikia hata kuku wa jirani. Watu wote wakilalamika, mimi nilikuwa nakimbia kutoka sokoni nikiwaacha wateja na vipimo vyao. Nadhani ni mimi peke yangu Nairobi nzima niliyekuwa naombea giza mchana.

Kwa wiki tatu nilifanya kazi hivyo, kipande kwa kipande. Mdundo niliuchukua kwenye kanyagio la cherehani, lile tak-tak lake nikikanyaga polepole. Nikaweka kopo la maharagwe juu yake, kisha beseni lililofunikwa. Nikaimba sauti ya chini, ya kati, ya juu. Mama alipita na kurudi na ndoo zake, haulizi kitu. Mara moja alisimama nje ya vitambaa, akapiga makofi mawili, kunionyesha kwamba nilikuwa nawahi pale pa kuitikia. Kisha akaenda zake.

Sasa niseme kosa langu, kwa kuwa nimemsema dada yangu vya kutosha. Niliondoa matusi.

Hakuna aliyeniambia niyaondoe. Niliyaondoa moja moja, kwa mkono wangu, jinsi ninavyofumua mshono. Pale wimbo unaposema mwana wako hakujua kitanda ni cha nini mpaka nilipokuja, niliweka mwana wako ni zawadi. Pale unaposema mlinipa chumvi kwa kuhesabu punje, niliweka asanteni kwa ukarimu. Nilijiambia ni kwa ajili ya watoto, wa leo hawaelewi. Nilijiambia pengine itachezwa redioni. Nilijiambia dada akiisikia hatakuwa na la kusema, na hilo ndilo lililokuwa karibu na ukweli. Ukweli wenyewe ni kwamba niliona aibu. Mimi, ninayetukana sokoni mchana kutwa, nilifika kwenye matusi ya bibi yangu nikayaonea haya mbele ya simu.

Ilipokamilika nilimwekea mama visikizio. Aliketi kitandani, mikono magotini, akasikiliza tangu mwanzo hadi mwisho. Kichwa kilitikisika kidogo kwenye mdundo. Nilimtazama usoni kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule. Alivitoa visikizio, akavikunja vizuri, akanirudishia.

"Umeimba vizuri," akasema. "Lakini watoto wa hii wimbo yako watakufa."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinieleza polepole, maana uvimbe ulikuwa umeanza kumbana pumzi. Alisema kifo na jicho baya hupenda kitu kilichosifiwa, na ndiyo sababu watoto hao hufunikwa kwa uchafu, ili kila apitaye kutafuta aone kinyaa aendelee na safari. Hilo nililijua. Ambalo sikulijua ni la mama mzazi. Alisema yeye alipotuzaa alikuwa na miaka kumi na tisa. Mama mkwe wake, aliyekaa nao hapa hapa Jericho, alikuwa amemweka jikoni miezi yote ile, akimhesabia hata kuni. Alitoka na watoto wawili, maziwa ya mtoto mmoja na nusu, na hofu. Ndipo wakaja wanawake, wakamsimamisha yule mama mkwe langoni, wakamwambia yote. Na yule mama akalazimika kusimama, kujibu, na kisha kuwapikia.

"Mwanamke anapewa siku moja ya kukasirika," mama akasema. "Na wewe umeichukua, umeweka asante."

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimeuficha uchi wa bibi, wa mama, na wangu mwenyewe, kwa wiki tatu, nikiona ninafanya sanaa. Sijawahi kujikasirikia hivyo. Nilitoka nje nikasimama kwenye bomba na ndoo tupu bila kufungua maji.

Niliporudi mama alikuwa ameamua. Alisema ataimba, mara moja, kabla ya kisu. Ahadi yake ilikuwa kwa dada, kwa hiyo ni dada wa kumfungulia. Na hata isingekuwa ahadi, dada lazima awepo, kwani wimbo ni wa watu wawili, mmoja hutukana na mwingine hujibu. Nilimwambia nitajibu mimi. Akanitazama kwa huruma.

"Wewe tunatukanana kila siku, haina nguvu," akasema. "Mama mkwe wangu alishakufa. Sasa mwenye ananichukia kwa heshima amebaki mmoja tu. Niitie huyo."

Dada alikuja Jumamosi, siku nne kabla ya upasuaji. Nilimwambia tu kwamba mama anamhitaji. Alifika alasiri, stima ikiwa imekatika tangu saa sita, mtaa kimya. Alikuja na Biblia na kichupa cha mafuta ya kupaka. Aliiona simu yangu juu ya rundo la vitambaa, imewashwa, na hapo hapo akajua.

Aliuliza kama ndiyo sababu ameitwa. Mama akasema ndiyo. Akamweleza yote bila kuzunguka: kwamba anaomba afunguliwe ahadi, kwamba anaomba ajibiwe, kwamba pengine ni mara ya mwisho. Dada alifuta kiti kwa kiganja, akaketi, akaiweka Biblia magotini. Alisema hawezi kumzuia mtu mzima. Akasema pia kwamba yeye hatashiriki. Mimi nilitaka kusema, mama akaninyooshea kidole.

Kisha mama akasimama. Hakuwa na majani. Aliivua leso yake, akaigeuza ndani nje, akajifunga kiunoni. Alianza kupiga mguu sakafuni, na sauti ikatoka. Ilikuwa imepungua, ilikuwa inapita mahali pembamba, lakini ilikuwa yenyewe, na mkwaruzo wake. Aliimba yale ya bibi, yote, yale ya chumvi na ya kitanda na mengine ambayo sikuwahi kuyasikia. Halafu, kama desturi inavyotaka, akaanza yake, akimlenga aliye mbele yake.

"Wewe wa Fedha," akaimba, "unafuta kiti kabla nikae, na unafuta tena nikiondoka."

Akanyamaza. Mguu ukaendelea kupiga. Hapo ndipo mwingine hujibu, na nafasi yake ina urefu wake, mapigo manane. Dada alitazama Biblia. Mapigo manane yakaisha.

"Wewe wa kucheka na meno ya mbele, ulizaliwa kwanza ukajiona umezaliwa peke yako."

Mapigo manane. Nilishindwa kuvumilia, nikajibu mimi, nikatupa tusi la kwanza lililonijia. Mama aliinua mkono bila kunitazama, akanifuta kabisa. Akaendelea. Kila tusi lilifuatwa na nafasi, na kila nafasi alimtazama dada usoni akimngoja, mguu ukipiga, kifua kikipanda na kushuka. Mwishoni alikuwa anamsihi kwa macho huku mdomo unamtukana. Dada alikuwa analia, lakini alilia bila sauti, kwa adabu. Wimbo ulipoisha alisimama, akampaka mama mafuta kwenye paji la uso, akasema Mungu akusamehe. Hata hilo limo kwenye simu.

Nilimfuata mpaka nje. Nilimwambia amemnyima mama maji akiwa na kiu. Nilimwambia mdharau kwao mtumwa, na kwamba asije akajifanya analia siku tukimzika. Majirani walitoka milangoni na sikujali. Yeye aliniuliza tu kama gari la kwenda hospitali tumepata, nikamwambia atafute lake. Watu husema hasira hasara. Mimi sijaona hasara ya hasira yangu. Nimeona ya kimya chake.

Upasuaji ulikwenda vizuri, wanavyosema wao. Rovu lilitoka lote, mama anameza ugali. Sauti haikurudi. Kilichorudi ni pumzi yenye umbo la maneno, ambayo ukiwa hatua tatu huipati. Daktari alisema tungoje miezi, huenda. Tumengoja. Mama haoni shida kubwa, anapiga makofi akitaka kitu.

Mwezi wa pili baada ya upasuaji dada alinitumia ujumbe. Kanisani kwao palikuwa na ibada ya shukrani kwa ajili ya kupona kwa mama, na alikuwa amesikia kwamba nilirekodi ule wimbo kwa maneno mazuri. Aliomba nimtumie ule, ule wa baraka, uchezwe watu wakitoa sadaka. Niliusoma ujumbe huo mara mbili nimesimama nikiwa na mkasi mkononi. Kisha nikafungua simu, nikaufuta ule wa baraka, sauti zote tatu, kopo, beseni na kanyagio. Wiki tatu za giza. Sikumjibu.

Ukabaki ule wa mama peke yake, wenye matundu. Nilijaribu kuyajaza. Niliketi ndani ya vitambaa mara mbili, stima ikiwa imepotea, nikajibu kwa sauti yangu, ambayo Mungu anajua inafanana na ya dada kiasi cha kumdanganya mtu yeyote. Haikukaa. Nilisikika kama mtu anayejibu barua ya mwenzake. Nikafuta hayo pia.

Juzi, baada ya chakula cha mchana, mama alipiga makofi, akaonyesha simu, akaonyesha koo. Hakuwa ameomba kuusikia hata siku moja. Nilimvisha visikizio, nikamwekea, nikarudi kwenye pindo la suruali niliyokuwa naishona kwa mkono. Alifumba macho. Mguu wake ukaanza kupiga sakafu. Nilidhani anaimba pamoja, kwa sababu midomo ilikuwa inacheza, kisha nikaona haichezi muda wote. Inatulia, halafu inacheza, halafu inatulia. Nilihesabu mguu. Ilikuwa inacheza kwenye yale mapigo manane. Niliweka suruali chini, nikasogea mpaka sikio langu likawa karibu na mdomo wake.

Alikuwa anajijibu.

"Wewe mama," pumzi ilisema, "ulikuja kuimbia mwalimu wangu umevaa majani, darasa yote inaona."

Akanyamaza, akisikiliza tusi linalofuata masikioni mwake.

"Wewe mama, watoto waliniimbia hiyo wimbo yako mpaka nikaogopa kwenda choo ya shule. Huyu mwingine alipigana. Mimi ulinifunza kunyamaza."

Nilikuwa nimesahau. Mwalimu wetu wa darasa la nne alipata mapacha, aliishi safu ya tatu kutoka kwetu, na mama alikwenda kumwimbia sisi tukiwa tumesimama pale na sare. Walioniimbia mimi niliwapiga, nikasahau wiki hiyo hiyo. Sikuwahi kujiuliza dada aliwafanya nini. Na huyu mama, miaka yote hii, alikuwa anajua. Alikuwa amesimama mbele ya dada siku ile, akimtukana na kumngoja ayaseme haya haya.

"Wewe mama, siku ya kipaimara yangu ulikuwa Umoja, unaimbia watoto wa watu."

Nilishikwa na hasira ambayo siwezi kuipima, na safari hii sikujua nimpe nani. Nilimkasirikia mama kwa kujua na kunyamaza. Nilimkasirikia dada kwa kumwachia mwanamke asiye na sauti kazi ya kujitukana mwenyewe. Niliichukua simu ndogo ya mama mezani, ile ya vibonyezo, nikampigia dada. Akaitikia Bwana asifiwe. Nilimwambia anyamaze asikilize, nikaipeleka simu kwenye mdomo wa mama, karibu mpaka ikashika mvuke. Nilitaka imuume. Nasema wazi, nilitaka imuume.

Mama hakufumbua macho. Alijitukana tusi baada ya tusi, moja nililijua na mengine sikuyajua, mpaka mguu ukasimama. Dada hakuwa na ule wimbo masikioni, alisikia majibu peke yake na kimya kati yake. Niliirudisha simu sikioni mwangu nikidhani ameshakata.

"Amesahau moja," dada akasema.

Haikuwa sauti ya kanisani. Ilikuwa sauti yangu mimi, ya sokoni, imejaa hasira hadi juu. Nikamtoa mama kisikizio cha upande mmoja, nikamwekea simu sikioni.